Matofali ya Bure

Mtaa mzima ulimwita fundi huyo Sawa Tu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi, lakini jina hilo lilitoka chumba cha nyuma cha kinyozi, kwenye mchezo wa kubadilishana mali.

Jumamosi mchana, kinyozi akishafagia nywele za asubuhi, alikuwa anatandaza ubao wake mezani. Ubao wenyewe ni nchi nzima: msitu unatoa mbao, bonde linatoa matofali, shamba linatoa nafaka, na pembeni kabisa, mahali ambapo hakuna anayetaka kwenda, kuna mgodi mmoja wa chumvi. Kila kipande kina namba. Dadu mbili zikijumlisha namba hiyo, aliyejenga hapo anachukua kadi. Hakuna anayepata kila kitu, kwa hiyo watu lazima waombane, wabembelezane, wadanganyane kidogo. Wa kwanza kumaliza nyumba na barabara zake ndiye mshindi.

Sawa Tu hakuwahi kuwa mshindi. Mtu akimwomba tofali kwa kubadilishana na nafaka, alijibu sawa tu, hata kama nafaka zilishamjaa mkononi mpaka zinamdondoka.

Na walimpenda, au ndivyo alivyoona. Kinyozi alimwekea kiti cha karibu na feni. Mama Vipuri, mwenye duka la vipuri vya magari hapo jirani, alimtania kwamba angezaliwa mbuzi angejichinja mwenyewe ili asisumbue watu. Wa nne alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe. Tangu mkewe afariki, fundi alikuwa anaacha redio ikiongea nyumbani hata akiwa bafuni, matangazo ya biashara na yote. Jumamosi ilikuwa siku pekee ya kugombaniwa. Fundi, una mbao? Fundi, mimi usinisahau. Inashangaza mtu mzima kusubiri wiki nzima ili aombwe tofali la karatasi, lakini yeye alisubiri, na Ijumaa jioni alinyoosha shati.

Shida ilianza kwa utani. Siku moja shemeji alishinda kwa tofali alilopewa na fundi, akampiga begani.

"Shemeji, wewe si mchezaji, wewe ni ghala letu."

Watu wakavunjika mbavu. Fundi naye akacheka, ila njiani kurudi neno lile likawa linamchoma kama kokoto kwenye kiatu.

Akamsimulia dada yake, anayeshona mapazia na foronya kwenye karakana yake ya makochi. Alitegemea kuhurumiwa. Dada mtu akatoa pini mdomoni, akamtazama.

"Unaangalia tu kile mtu anachokupa. Kwa nini huulizi anakwenda kujenga nini? Mtu amebakiza tofali moja amalize, tofali unalo wewe, unampa! Halafu wa kwanza kupiga makofi ni wewe."

Wiki hiyo fundi alipigilia misumari huku anawaza. Akagundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote: sita na nane hutoka mara nyingi, mbili na kumi na mbili ni za kubahatisha. Jumamosi akajenga nyumba ya kwanza penye nane, na ya pili kule mgodini. Mama Vipuri akamuuliza kama anakwenda kuishi na mizimu.

Haukupita muda, kila mtu akahitaji chumvi. Shemeji akanyoosha mkono kama kawaida. Fundi akashika kadi zake kifuani.

"Unataka kujenga nini?"

"Kwani we polisi?"

Lakini alitoa matofali mawili kwa chumvi moja, maana hakuwa na pa kukimbilia. Chai ilikuwa bado ya moto fundi aliposhinda. Alitazama huku na huku akisubiri mtu ampige begani. Kinyozi alikuwa tayari anakusanya kadi, akisema dadu za leo zilikuwa na upendeleo.

Jumamosi iliyofuata walibadilishana wao kwa wao, mikono ikipita juu ya kadi zake. Hakuna aliyeuliza kama ana mbao. Alimaliza mchezo na chumvi tele mkononi, feni ikimpuliza.

Basi akaamua kurudi kuwa yule wa zamani. Ni rahisi, alijiambia, nitatoa tu. Walipokutana tena, kinyozi alikuwa anahangaika na barabara yake, fundi akamsukumia tofali.

"Chukua. Bure."

Kinyozi aliligeuza mbele na nyuma, kana kwamba kuna kitu kimebandikwa. Akalirudisha mezani taratibu.

"Kaka, zamani ningechukua. Sasa hivi ukinipa bure ndio naogopa zaidi."

"Ameshaenda shule huyo," akasema Mama Vipuri. "Msimguse."

Fundi akasema sawa tu. Hata hilo liliwafanya watazamane.

Jumamosi nyingine alikuta kiti cha karibu na feni kina mtu. Alikuwa mkwe wa kinyozi, kijana mnene mwenye kicheko cha haraka, anagawa matofali huku akiuliza yanafanya kazi gani hasa. Wote watatu walikuwa wamemwinamia. Kinyozi akainuka upesi, akamfuata fundi mlangoni. Alisema walidhani ana kazi nyingi. Akajikuna shingo, akatafuta neno jingine, akalipata.

"Ila umefika wakati mzuri, kaka. Kile kiti sponji limelala, mgeni anaumia. Hebu kitazame."

Kijana akasimama kwa adabu, akampa shikamoo na kiti.

"Sawa tu," akasema fundi.

Alikibeba begani mpaka karakanani. Angeweza kuweka mabaki. Akakata sponji jipya, lile gumu la wateja wakubwa, akavuta kitambaa mpaka kikanyooka, akakirudisha mchana uleule ili mtu asicheze amesimama. Alikiacha nje ya pazia la chumba cha nyuma. Ndani walikuwa wanasema, mdogo wangu, una mbao? Mimi usinisahau.

Aliporudi, dada yake aliacha cherehani, uso umejaa hamu.

"Vipi, leo umewafunga tena?"

Fundi akaanza kuokota vipande vya sponji sakafuni. Akamwambia leo hawakucheza.