Waranti Isiyoijua Barabara ya Kimbiji

Mwenye duka la spea pale Chang'ombe alikuwa na shikamoo nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Aliitoa polepole, kichwa kimeinama, mkono wa kulia kifuani. Mama yangu, mwalimu mstaafu aliyeamkiwa na watoto wa Temeke karibu maisha yake yote, aliitikia "marahaba, baba" kwa sauti ya mtu aliyefika mahali salama. Siku ile ya kwanza hata mimi niliamini. Tulitoka na shokapu mbili mpya za magurudumu ya nyuma, kila moja ndani ya boksi lenye picha ya gari linaloruka kilima cha mchanga, pamoja na risiti iliyogongwa muhuri: waranti miezi mitatu.

Wiki ya tano shokapu ya kushoto ilikufa.

Mgongo wa mama una pingili mbili zilizochoka, na daktari alimkataza mitikisiko. Lakini kila Jumamosi lazima aende Kimbiji. Ana shamba huko, alilonunua yeye na marehemu baba wakati watu walikuwa wanawacheka kwa kununua pori. Minazi waliipanda wenyewe. Mihogo anaijua shina kwa shina. Akiwa kule anaongea na miti kama alivyokuwa anaongea na darasa la tatu, anausifu mmoja na kuugombeza mwingine, na akirudi mjini anakuwa na uso ambao hana siku nyingine yoyote ya wiki.

Shamba lile lilikuwa na mtu aliyelitamani, bwana mmoja wa Mbezi Beach aliyetaka kujenga nyumba ya kupumzikia. Kila Jumatatu alipiga simu kuulizia mgongo wa mama. Si shamba, mgongo. Alikuwa anausubiri kama watu wanavyosubiri embe lianguke lenyewe. Alijua kwamba siku mama atakaposhindwa safari, hatakuwa na haja ya kumbembeleza tena.

Jumamosi ya wiki hiyo ya tano, lami ilipoisha, gari lilianza kudunda upande wa kushoto. Kila shimo lilitupokea mara nne. Mama alishika mkono wa mlango kwa mikono miwili mpaka tulipofika. Akashindwa kushuka. Alikaa na miguu nje ya gari, akiitazama minazi yake kutoka pale mlangoni kama mgonjwa anayetazama watu kwa dirisha la wodi.

"Labda yule wa Mbezi nimsikilize," akasema.

Nikaenda kuchungulia uvunguni ili nisimtazame. Oili ilikuwa imechuruzika kutoka kwenye ile shokapu, imeshikana na vumbi jekundu, imetengeneza uji mzito uliong'ang'ania chuma chote. Haikuhitaji fundi kueleza.

Hata hivyo nilimpigia fundi, maana ndiye aliyetupeleka kwenye lile duka. Mjini kwetu huchagui duka la spea. Fundi anakuchagulia, anakusindikiza, anaangaliana na mwenye duka sekunde moja tu, na ndani ya sekunde hiyo cha juu chake, kitakachotoka kwenye bei yako, kimeshapangwa. Wewe unasimama katikati yao ukishukuru kwa kupelekwa kwa mtu mwaminifu.

"Dada, mie nilifunga tu," fundi akasema. "Kitu cha dukani, nenda dukani."

"Si wewe uliyetupeleka?"

"Niliwasindikiza, dada. Mtu akikusindikiza sokoni, nyanya zikioza ni zake?"

Tangu hapo simu yangu haipokei.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu mwenyewe, kwa sababu dharau niliyokuwa nayo kwa watu hawa ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba ilianza kunifanyia kazi mbovu. Sikutaka yule mwenye duka atuone na vumbi. Nyumbani kwetu tumelelewa hivyo: hata ukienda hospitali na homa, kanga inapigwa pasi kwanza, kwa sababu mtu mchafu huwa anahudumiwa kama mwombaji. Basi asubuhi ya kwenda Chang'ombe nikalipeleka gari kuoshwa. Nikawaambia wasibakishe kitu. Wakapiga maji ya mashine, kisha wakaingia uvunguni na mafuta ya taa, wakasugua mpaka vyuma vikang'aa kama sufuria za arusi.

Mama alilizunguka gari mara moja. "Na chini wameosha?"

"Wameosha kila kitu, mama."

Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliojibu vizuri swali ambalo halikuulizwa. Nilikuja kumwelewa nusu saa baadaye.

Mwenye duka alitoa shikamoo yake ileile. Akainama kwa heshima, akatusikiliza, akatoka nasi hadi kwenye gari mbele ya duka, akawasha tochi ya simu, akamulika shokapu, akapitisha kidole. Akakinyanyua kidole juu ili watu wote waliokuwa kaunta wakione. Kilikuwa safi.

"Kavu, sista. Inavuja wapi?"

"Ilikuwa inavuja. Tumeosha gari."

"Mmeosha." Alilionja neno lile kama peremende. "Sasa tazama. Kila spea inayotoka hapa naipaka alama ya rangi ya kijani. Kijani iko wapi?"

Hapakuwa na kijani. Hapakuwa na oili, wala vumbi, wala chembe ya ukweli iliyobaki mle uvunguni. Nilikuwa nimelipa watu wanifutie ushahidi, na nilikuwa nimewaongezea kidogo kwa kufanya kazi nzuri.

"Hii inaweza kuwa ya duka lolote," akasema. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa jipya kuliko spea zake zote.

"Mwanangu, likandamize nyuma," mama akaniambia.

Nikakandamiza upande wa kulia wa buti kwa viganja. Gari likazama, likainuka, likatulia. Nikahamia kushoto. Likazama, likainuka, likazama, likainuka, likaendelea lenyewe hata baada ya mimi kuondoa mikono.

Kaunta palikuwa na mteja mmoja, mwanaume mnene mwenye kandambili, ameshika boksi kama letu. "Eeh!" akasema. "Hiyo haijaharibika, hiyo inacheza singeli."

Watu wakacheka. Mwenye duka hakucheka. Akafanya wafanyavyo watu wa aina yake uongo wa kwanza ukitoboka: akahamia wa pili bila hata kufunga mlango wa ule wa kwanza.

"Kwani mnaendaga wapi na gari hii, mama yangu?"

"Kimbiji," mama akajibu. Maisha yake yote hajajifunza kudanganya, na sikutegemea aanze siku ile.

"Aaa! Sasa si mngesema!" Akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyefumbuliwa fumbo. "Barabara mbovu haimo kwenye waranti, mama. Waranti ni ya matumizi ya kawaida."

Nimesoma vitabu vingi na nimekaa na watu wanaoyatengeneza maneno kwa ufundi mkubwa, lakini sijawahi kukutana na sentensi yenye aibu ndogo kama hiyo. Shokapu ina kazi moja duniani, nayo ni barabara mbovu. Huyu mtu alikuwa anauza miavuli na kuikana mvua. Na aliyasema yale chini ya bango lake lenye lile gari linaloruka mchanga. Nilikuwa na hotuba tayari, nimeiandaa tangu usiku, yenye miisho mizuri. Mama akanishika mkono kabla sijaianza.

Akatoa risiti kwenye mkoba, akaigeuza upande usioandikwa, akailaza juu ya kaunta. Kalamu akaiweka juu yake.

"Niandikie hapo, baba."

"Niandike nini tena, mama?"

"Hicho ulichosema. Kwamba shokapu za duka hili hazina waranti kwenye barabara mbovu. Halafu ugonge muhuri kama ule wa mwanzo."

Aliitazama kalamu kama imewekewa sumu. Yule mteja wa kandambili akajongea. "Bosi, na ya Chanika je? Imo?"

"Wewe subiri kwanza, braza."

"Nasubiri nini na mie nakaa huko? Lami naionaga nikija mjini." Akalirudisha boksi lake juu ya kaunta, taratibu, mbele ya macho ya mwenye duka.

Jamaa akalitazama boksi. Akaitazama risiti. Nje gari letu safi lilikuwa limesimama pale kama mtoto aliyevalishwa kwenda kwenye sherehe isiyokuwepo.

"Mama, mie nakuheshimu kama mzazi wangu."

"Basi andika, mwanangu."

Hakuandika. Aliingia stoo, akarudi na shokapu moja, akampa mama kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ule wa kifuani, sijui aliuficha wapi.

"Nakupa kwa heshima yako tu."

"Nipe kwa waranti," mama akasema. "Heshima ulishanipa mlangoni."

Kisha akamtaka aipake rangi ya kijani pale pale, sehemu mbili, nami nikaambiwa nipige picha kwa simu, rangi na uso wa mpakaji pamoja. Shokapu ilifungwa hapo hapo barabarani na fundi mwingine, mama akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mita moja kutoka kwake, akimsimamia kama mtihani wa taifa. Yule wa Chanika, nisije nikamsahau, alilichukua tena boksi lake akalinunua. Nilimtumbulia macho.

"Hapa angalau ukigombana wanabadilisha, sista," akanieleza. "Kwingine unagombana bure."

Nilitaka kumdharau pia. Nilishindwa, kwa sababu nasi tulikuwa tunaondoka na shokapu ya boksi lilelile.

Jumamosi iliyofuata mama alishuka mwenyewe Kimbiji, akatembea mpaka safu ya mwisho ya minazi, na kutoka kule mbali nikamsikia anaugombeza mmoja kwa uvivu. Jumatatu simu ya Mbezi Beach ikalia. Nilikuwa jikoni, nikasikia upande wake tu.

"Mgongo haujambo, baba. Jumamosi ulikuwa shambani." Akahamishia simu sikio la pili. "Hapana, hauuzwi."

Miezi mitatu ya shokapu ile mpya haijaisha, na mimi nasikiliza kila shimo. Gari sasa lina vumbi jekundu kutoka kwenye matairi hadi kwenye vioo. Majirani wananiuliza kama nimeishiwa. Juzi nilichukua ndoo na kitambaa, mama akanitokea barazani.

"Kioo cha mbele tu," akasema. "Chini usiguse."