Maiti Aliyeitikia Salamu

Filamu yetu ya kwanza ya mapigano tuliipiga nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Kabati, kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka. Simu ilikuwa yangu, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa mwelekezi. Ndugu yangu mdogo alikuwa jambazi mkuu. Karate yake aliipata kwa kutazama video na kupiga mateke nguzo za boma la mbuzi, na alikuwa mzuri kuliko sisi sote.

Ila filamu ilikuwa ndoto yangu mimi. Yeye alitaka kuwa polisi. Wiki tatu baadaye makurutu wangeandikwa, na kila asubuhi alikimbia hadi sokoni na kurudi kabla hata chai haijachemka. Mwaka uliotangulia aliachwa nje kwa hatua chache tu mbioni. Safari hii, alisema, hakuna wa kumpita. Alikubali kuigiza kwa sababu mimi ni kaka yake na nilimsumbua sana.

Godoro letu la kuangukia lilikuwa makapi ya ndengu. Mama alikuwa amemaliza kupura, na rundo likabaki nyuma ya stoo, limefura hadi usawa wa kifua. Tulikuwa na sheria moja: mtu akiisha kuruka, makapi yanapinduliwa kwa uma wa shamba mpaka yafure tena. Yakishalaliwa hayana tofauti na sakafu.

Siku ya kifo cha jambazi, ndugu yangu alipanda juu ya paa la stoo. Mwenzetu aliyeigiza shujaa akamfuata huko juu, akamrushia teke, naye akaenda kinyumenyume, mikono hewani, akatua katikati ya rundo na kutulia. Nilifurahi, nikaendelea kurekodi.

Wakati huohuo jirani yetu mmoja, mama mzee anayesali kanisa moja na mama yetu, akawa anapita njiani na karai lake. Huku kwetu mtu mzima hawapiti watu kimyakimya. Akatusalimia kwa Kikamba, sisi sote kwa jumla. Maiti akainua kichwa kutoka kwenye makapi, akaitikia kwa adabu, akauliza na habari za nyumbani.

Wenzetu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ya mtu anayejiona mkubwa, nikamwuliza ndugu yangu ni maiti gani huyo anayeulizia watu hali.

“Huyo ni mama mzee,” akasema. “Ningemnyamazia aje?”

Nikamwambia arudie. Jua lilikuwa linahama ukutani, nami nilitaka mwanga uleule. Mmoja wetu akashika uma. Nikamwambia auache, tutachelewa. Ndugu yangu alitazama rundo, kisha akanitazama mimi. Akapanda.

Mara ya pili aliruka vizuri vilevile. Mlio wa kifundo cha mguu niliusikia nikiwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake.

Alifungwa plasta. Siku ya makurutu alishinda nyumbani akichambua maharagwe na mama. Mfupa uliunga vibaya. Mpaka leo anatembea akiegemea mguu mmoja, na kukimbia hakimbii.

Kuhariri nilifanya peke yangu. Sauti za ngumi na mateke tulikuwa tumezirekodi kando, kwa kupiga gunia la mahindi, na sauti zilizonaswa na simu nilizifuta zote kama tulivyopanga tangu mwanzo. Nilipofika kwenye kifo cha jambazi nikaona kwamba ile mara ya kwanza ilitosha. Kati ya kutua na kuinua kichwa zilikuwepo sekunde nne nzima. Nilihitaji mbili. Salamu yenyewe isingesikika kabisa. Nilikaa na jambo hilo miezi bila kumwambia mtu, kwa aibu.

Filamu tuliionyesha Mbumbuni, Makueni, mchana wa Jumamosi katika ukumbi wa kanisa ambako mjomba wetu ni mzee wa kanisa. Sharti la kanisa lilikuwa pombe isionekane. Watu walijaa. Ndugu yangu aliketi kando yangu, fimbo yake katikati ya magoti.

Pale ukutani, filamu ilikorushwa, jambazi akaruka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele.

“Hii ni ile ya kwanza,” akasema polepole.

Nikamwambia ndiyo.

“Kwa hivyo ile nyingine haukuitumia.”

Nikamwambia haikuhitajika. Nikaomba msamaha hapohapo, katikati ya kelele, na sijui alisikia kiasi gani. Alitazama ukutani akijiona amelala kwenye makapi, mzima. Kisha akanipa fimbo nimshikie, akapiga makofi pamoja na wengine.