Karani wa Mkebe wa Maswali

Kabla hajawa karani wa mtu yeyote, alikuwa akiwaandikia watu barua. Alikaa na mashine yake ya chapa kwenye kibaraza cha ofisi ya ardhi, jiwe moja mezani la kuzuia karatasi zisipeperuke, na watu walimjia na mambo yao. Huyu mpaka wake umesogezwa, yule anaomba kazi, mwingine anataka kumwambia mwenye nyumba asichoweza kumwambia usoni. Karani alimwacha mtu aseme mpaka achoke, kisha akachapa mistari sita. Miaka kumi na tisa ya kibaraza ilikuwa imemfundisha kwamba watu huzunguka weee, na shida yenyewe huitoa mwishoni, wakiwa wameshasimama waende zao. Kwa hiyo hata akiletewa karatasi iliyoandikwa, alisoma mstari wa kwanza ajue salamu ni za nani, akashuka moja kwa moja hadi mistari miwili ya chini. Katikati, alipenda kusema, ni kokoto za kujazia shimo.

Hilo la katikati lishikeni, tutalirudia.

Mwongozi hakuteuliwa na mtu. Alikuwa fundi friji, mpole, msafi wa mikono kwa kazi ile, na alikuwa na mtindo wake: anaweka kiganja mgongoni mwa friji, anafumba macho, anakuambia gesi imekwisha. Na kweli gesi ilikuwa imekwisha. Siku moja aliweka kiganja hicho hicho mgongoni mwa mteja aliyekuwa akilalamikia kiuno, akamwambia, wewe una kinyongo na ndugu yako. Mteja akabubujikwa na machozi. Kesho yake wakaja watatu. Mwaka haujaisha fundi alikuwa ameweka bisibisi chini, amekodi bohari lililokuwa la magodoro, na anajiita Mwongozi. Waliothubutu kumuuliza jina hilo kalipata wapi aliwauliza na wao, je, aliyewapa majina yao alipewa ruhusa na nani? Wakatikisa vichwa kana kwamba wamejibiwa.

Karani alifika pale kwa sababu ya bega. Mashine ya chapa ilikuwa imemla bega la kulia, hata kikombe alikiinua kwa mkono wa kushoto. Mwongozi akaweka kiganja, bega likanyamaza wiki mbili. Liliporudi kuuma, Karani alikuwa tayari wa mle ndani, amepewa kazi ya kumwandikia Mwongozi, na alijilaumu mwenyewe kwamba amelirudisha kwa mashaka yake. Alimleta na mdogo wake, msusi, pamoja na shemeji yake, mume wa msusi, fundi viatu. Hao wawili walimfuata Mwongozi kwa sababu walimfuata Karani. Mdogo wake tangu utotoni alikuwa hivyo: dada akivuka barabara, naye anavuka, haangalii magari.

Sasa utaratibu wenyewe. Kila muumini alikuwa na namba kwenye kisahani cha plastiki, akikivaa shingoni. Mwenye swali aliliandika kwenye karatasi, akaweka namba bila jina, akalitumbukiza kwenye mkebe wa biskuti uliotobolewa kifunikoni. Ilikuwa mwiko kumwambia mtu swali lako kabla halijajibiwa, hata mnayelala kitanda kimoja, labda kama mmeuliza pamoja. Mwongozi alisema swali likishapita mdomoni limekwisha nguvu. Jumatano Karani aliuchukua mkebe akaenda nao nyumbani. Kila swali, liwe kurasa mbili, liwe nne, alilifupisha mstari mmoja kwenye kadi, maana Mwongozi hakutaka zaidi ya mstari. Swali refu, alisema, limebeba uongo. Alhamisi mchana Karani alisoma, Mwongozi akajibu amefumba macho, Karani akaandika jibu nyuma ya kadi, na Mwongozi akalipiga muhuri kwa kidole gumba chenye wino. Ukumbi wote ukasema, "Imepokelewa." Kadi ikaenda na mwenyewe.

Kulikuwa na raha yake, nisiwadanganye. Namba tisa aliuliza kama ahame chumba, maana mumewe anakoroma. Mwongozi akasema, "Anayekoroma yupo. Utakuja kuniuliza atakaponyamaza." Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Namba kumi na saba akauliza kwa nini kifua kinambana akipanda ngazi. Mwongozi akasema, "Unapanda kwenda wapi?" Imepokelewa. Namba kumi na saba, mzee mwenye kofia ya sufu, akaichukua kadi yake akaibusu.

Jumatano moja ikaja namba hamsini na mbili. Karatasi zilikuwa mbili za daftari, mwandiko mzito wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Namba za watu Karani hakuzishika kichwani, hata za ndugu zake. Jumatano hiyo mkebe ulikuwa na maswali sitini na mawili na bega lilikuwa likiwaka moto. Karani alisoma juu: salamu. Akashuka chini: "Kila siku analia na mimi nimechoka kumwona analia. Je, aache?" Akawaza, huyu ni mke anayeteswa na kazi, au na bosi. Akaandika kwenye kadi: Mke wangu anateswa na jambo la kila siku, aache?

Kesho yake Mwongozi hata hakufikiri sana. Alisema aache, tena aache leo, na asiguse tena kinachomtesa mpaka siku arobaini zitimie. "Mwili uliachwa peke yake tumboni miezi tisa," aliongeza, "na ulijua la kufanya." Hilo liliwapendeza watu. Kidole kikashuka, na Karani hakuangalia ni nani aliyekuja kuichukua kadi, kwa kuwa namba hamsini na tatu ilikuwa tayari mkononi.

Jumapili saa nne asubuhi alikwenda kwa mdogo wake kusukwa. Walikaa chumba na ukumbi, nyuma ya kibanda cha viatu. Alipoingia aliona friji ndogo imesukumiwa ukutani, waya umezungushiwa mguu wake, mlango uko wazi. Ndani, mahali pa maziwa, shemeji alikuwa amepanga soli za mpira.

Friji ile aliijua. Ilinunuliwa kwa ajili ya kitu kimoja tu: dawa ya sindano ya mdogo wake. Msusi alikuwa na sukari tangu ana miaka kumi na mitano, alijichoma asubuhi na jioni, na daktari alikuwa amemwambia mbele ya Karani kwamba asiruke hata siku moja.

Mdogo wake alikuwa amelala kwenye kochi, ndoo ya maji pembeni, kikombe kinaelea. Midomo ilikuwa imemkauka. Alipumua kwa nguvu kama aliyetoka kukimbia, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililooza. Alitabasamu.

"Nimeacha, dada. Leo siku ya nne," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetusomea."

Karani alikaa chini. Shemeji, kwa furaha ya mtu anayeona mambo yakienda sawa, alimweleza yote. Mapaja yalikuwa yameota vinundu kwa sindano, mke alikuwa akilia kila asubuhi, wakakubaliana waulize. Aliyaandika yote yeye mwenyewe, usiku mbili, alisema: jina la ugonjwa, la dawa, na onyo la daktari. Karani akamuuliza aliyaandika wapi. Shemeji akashangaa. Katikati, akasema, wapi tena?

Karani aliwaambia wachome sasa hivi, hapo hapo. Mdogo wake akageuza uso ukutani. Siku arobaini ni arobaini, akasema; kutapika huku ni taka zinatoka. Karani akasema basi twende hospitali. Shemeji akasimama mlangoni, si kwa ubaya, kwa upole kabisa, akasema anayeweza kutengua ni aliyesema. Alete kadi.

Karani alimkuta Mwongozi bohari, peke yake, akifuta viti kwa fulana kuukuu. Mwongozi alimsikiliza mpaka mwisho. Karani alimwambia swali alilikata vibaya, kosa ni lake, aandike tu kadi nyingine: mgonjwa achome. Mwongozi akaikung'uta ile fulana aliyofutia, akaikunja mara nne.

"Mimi nilijibu ulichosoma," akasema. "Jibu nililotoa lilikuwa jema kwa swali lile."

"Atakufa, Mwongozi."

"Wewe ulinisomea mangapi mpaka leo? Nikitengua hili, kesho watakuja wote na kadi zao wanauliza lao lilikatwa wapi. Unaweza kuwajibu?" Akamwekea kiganja mgongoni, pale pale kwenye bega. Kilikuwa cha baridi. "Mlete Alhamisi, tutaliangalia."

Alhamisi ilikuwa siku nne mbele.

Karani hakurudi kwa mdogo wake moja kwa moja. Alipita kibarazani kwake. Jumapili ofisi ya ardhi imefungwa, meza yake imelazwa miguu juu. Akaipindua, akatoa kadi kwenye mkoba, akaandika kwa mwandiko ule ule ulioandika kadi zote: Hamsini na mbili. Arobaini zimetimizwa kwa nne. Achome leo, kisha aende kwa daktari. Akafungua kidau cha wino wa mihuri, akachovya kidole gumba chake mwenyewe, akakandamiza.

Shemeji aliisoma mara mbili, akamsomea mkewe. "Imepokelewa," akasema msusi, kwa sauti ambayo haikutoka nje ya midomo. Chupa ya dawa ilikuwa kabatini, imeviringishwa ndani ya soksi. Walichoma, wakambeba. Hospitalini daktari hakuwapa pole. Aliwauliza kama wanajua kuhesabu saa, kwa sababu wangechelewa mpaka jioni, alisema, asingekuwa na la kuwafanyia. Msusi alilala na mrija mkononi siku tatu. Siku ya tatu aliomba kitana, akalalamikia nywele za nesi, na Karani akajua amepona.

Ingekuwa ni hayo tu, ningeishia hapa na tungeagana vizuri.

Lakini Alhamisi shemeji alisimama mbele ya bohari zima, analia, anatoa ushuhuda. Alisema mkewe alikuwa amekwisha, na kadi ya Mwongozi ikamrudisha. Akaiinua juu. Mwongozi aliifuata mwenyewe pale alipo. Akaiangalia alama ile, ndogo, ya kidole chembamba cha mwanamke, akaiangalia kwa muda. Karani alikaa na mkebe mapajani, akingoja kuanikwa.

"Ni yangu," akasema Mwongozi.

Ukumbi ukaitikia mpaka mabati yakatetemeka. Watu walipotoka alimsogelea Karani, akamwekea kidau cha wino mbele yake, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayempangia zamu, kwamba kuanzia leo kidole atakiweka yeye Karani. "Sasa tuko wawili ndani ya hili," akasema, akaenda kunawa mikono.

Wiki ile waumini wapya walikuwa thelathini.

Karani alikuwa na tabia ya waandika barua: hatupi karatasi ya mtu. Chini ya kitanda chake kulikuwa na viroba vitatu vya unga, vimejaa maswali ya miaka mitatu. Ijumaa asubuhi alivivuta, akafungua dirisha, akavaa miwani, akaanza kusoma. Safari hii alianzia katikati.

Namba thelathini na nne, aliyeuliza kama amwamini mgeni nyumbani, katikati alikuwa ameandika kwamba mgeni mwenyewe ni mjomba, na binti ameanza kukojoa kitandani. Jibu alilikumbuka: mlango uliofungwa haupitishi baraka. Namba sita alikuwa ameeleza uvimbe kwenye titi, ukubwa wake, na tangu lini. Kadi ilikuwa imesema tu "kuna kitu kinanitia hofu". Aliambiwa hofu ndiyo ugonjwa. Namba kumi na saba alikuwa ameandika kuhusu mkono wa kushoto kufa ganzi, na kwamba baba yake alianguka ngazini akiwa na umri huo huo.

Alisoma Ijumaa nzima, Jumamosi, na siku zilizofuata. Kwenye kochi aliweka rundo la wale ambao katikati yao palikuwa na jambo. Hakuna aliyekuwa na jina. Ndivyo utaratibu ulivyotaka. Hakujua nyumba zao. Alijua namba tu.

Alhamisi iliyofuata Mwongozi aliketi, akafumba macho. Karani akasimama mahali pake. Mdogo wake alikuwa mstari wa pili, amekonda, amevaa kisahani chake, anamtazama dada yake kama kawaida yake. Mkebe Karani hakuufungua. Alitoa rundo kwenye mkoba.

"Sina maswali leo," akasema. "Nina namba. Nikikutaja simama, nikusomee ulichoandika, chote, halafu nenda hospitali, au polisi, nitakakokuambia. Hizi kadi nilikata mimi."

Mwongozi alifumbua macho. Aliwaangalia watu kwa upole, kama aliyezoea kungoja friji ianze kunguruma yenyewe.

"Namba kumi na saba," akaita Karani.

Hakuna aliyeinuka. Akatafuta kofia ya sufu, mstari hadi mstari.

"Namba kumi na saba."

Kule nyuma mwanamke mmoja akainuka nusu, kisahani chake kikiwa na namba nyingine, na kingine kikining'inia mkononi. Akasema huyo alikuwa baba yake. Alikuwa amekuja kukirudisha.

Karani aliiweka karatasi ile mezani, akaweka juu yake kidau cha wino isipeperuke. Akachukua inayofuata.

"Namba sita," akasema. "Namba sita, mama, kama upo, simama."