Rosela ya Moto ya Kaltuma

Hapa Rahad hakuna anayemenya maua mekundu ya rosela, karkade yetu, haraka kama jirani yangu Kaltuma. Msimu mzima vidole vyake ni vyekundu, na mdomo wake haupumziki. Mtoto ana mafua, anachemsha rosela. Kuna harusi, anailoweka. Mboga imepungua, majani ya rosela yanaingia chunguni. Presha ikipanda, unywe baridi. Ikishuka, unywe moto. Hilo tumekua nalo wote, na mimi ningeliapia.

Mumewe, Bushara, alikuwa na presha ya kupanda na vidonge vya zahanati. Kaltuma hakuviamini sana vile vidonge, kwa hiyo akamjazia mtungi wa rosela baridi, awe anakunywa badala ya maji, juu ya vidonge vyake.

Asubuhi moja aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilimkuta Bushara kwenye kitanda cha kamba, jasho linamtoka, midomo imepauka. Nikampigia simu Ihsan, muuguzi wa zahanati.

"Kasimama tu, akaanguka," alisema Kaltuma. "Imeshuka hiyo. Chochea moto, mama Idris, tumpe ya moto ipande."

Nikachochea. Alipomaliza kikombe cha kwanza, macho yakaanza kumpinduka.

"Bado haijapanda," Kaltuma alisema. "Mimina tena."

Kikombe cha pili kilikuwa kimefika mdomoni Ihsan alipoingia. Alimpima Bushara, akatazama kipimo, akampima tena.

"Mmempa nini?"

"Karkade ya moto."

"Na kabla ya hapo?"

"Ya baridi. Na vidonge vyake."

Ihsan alikichukua kile kikombe. "Hajja, ya moto inashusha, ya baridi inashusha, na vidonge vinashusha."

"Kwa hiyo nilikuwa namuua?"

Ihsan alimwinamia Bushara. Alikuwa anatafuta mshipa wa kuwekea dripu, na mshipa haukuonekana. Kaltuma akakaa chini mchangani.

Adhuhuri, dripu ikiwa inaingia, Bushara alifumbua macho. "Kaltuma," alisema, "nina kiu. Nipe ile yako ya baridi."

Kaltuma akatoka mbio. Nilimkuta nyuma ya jiko, anasugua vidole vyake vyekundu kwa mchanga mpaka vinachubuka.

"Haitoki, mama Idris," aliniambia.

Nilimshika mikono. Rosela ya shamba zima ilikuwa bado haijamenywa.