Mvukuto Ulioanikwa Juani

Mashamba ya karanga ya Wazungu yalipoanza kufa Nachingwea, kijijini kwetu, upande wa Ruponda, kilibaki kibanda cha mabati. Mwalimu wa shule akakiomba kiwe nyumba ya kuhifadhi kazi za wazee: kinu, chungu cha kuchujia chumvi ya majivu, gongo la kupondea nguo za magome. Mimi niliishia darasa la nne, ila mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi nikapewa ufunguo na kazi ya kuandika vibao. Nilifurahi, wee! Nikajiona naongoza wageni kutoka Lindi mpaka Ulaya.

Nilichokipenda kuliko vyote ni mvukuto wa mhunzi wetu, mfuko wa ngozi ya mbuzi wa kupulizia moto. Mzee huyo, ambaye sote tulimwita babu, alituazima mwenyewe. "Siku hizi majembe yanatoka dukani. Nitunzie, mke wangu." Ndivyo babu zetu wanavyotutania wajukuu wa kike.

Mvukuto ulinuka mafuta ya ufuta, nikaona haya kwa wageni. Nikausugua kwa majivu, nikawa nauanika juani kila siku.

Mvua zilipokaribia, babu akaja kuuchukua. Jembe la mjane wa mwanawe lilikuwa limekatika, na dukani majembe yamekwisha. Bila jembe, mama yule asingewahi kupanda. Babu akaubonyeza mvukuto. Ukapasuka kama kibuyu kikavu.

Nikalia.

"Ulitaka kuuogesha, ukauua," alisema. "Ngozi chakula chake mafuta. Nyamaza, mke wangu, kaombe mafuta ya ufuta kwa mama yako, tuone kama mfuko bado una roho."

Siku mbili tuliupaka mafuta, tukautia kiraka. Siku ya tatu mimi ndiye niliyevukuta, moshi tele machoni, babu akifua chuma. Mara mwalimu akatokea na wageni watatu kutoka Ruangwa. Walikuta kibanda kimefungwa, wakafuata mlio wa nyundo.

"Mwanangu, nyumba yetu imehamia huku?" mwalimu akaniuliza.

"Waambie wakae," babu akajibu bila kuinua kichwa. "Jembe halijaisha."

Wakakaa juu ya magogo.

Jembe lilipotiwa mpini, yule mjane, aliyekuja kulichukua, akalijaribu palepale, karibu kabisa na viatu vya mwalimu. Udongo mgumu ukafunuka.

"Linakula hili," akasema, akaliweka begani.

Mvua ya kwanza ilimkuta ameshalima, mbegu ziko kwenye ungo.