Brashi ya Mkia Mweupe

Nilifika Mishamo kwa treni ya Tabora hadi Mpanda, kisha bodaboda, nikiwa na brashi ya dukani ya kupakia povu la sabuni, iliyomwaga nywele kidevuni kila niliponyoa ndevu. Kinyozi, Baba Yusta, alitumia aliyoitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mbuzi na nta. Povu lake lilisimama kama wingu, nikaduwaa.

Nami nikatengeneza yangu, kwa nywele za mkia wa fahali mweupe niliyemkuta malishoni. Povu likasimama. Kwa majivuno nikampelekea Baba Yusta, akampaka nayo povu mteja wake, Mzee Zakaria.

"Ninyoe vizuri, kesho napeleka mahari ya kijana wangu," mzee akasema. "Ila fahali wangu mweupe wakwe watamkataa. Kuna mtu kamnyoa mkia."

Kisha akaiona brashi. Akaigeuza mkononi, akanitazama.

"Nywele umezifunga vizuri, mwanangu. Sasa nenda ukazifunge tena mkiani."

Niliondoka Mishamo siku hiyohiyo, na sijarudi.