Kunde za Ijumaa

Niwaambie tu, maana nikinyamaza itanichoma zaidi.

Mimi ni msaidizi wa utafiti hapa Mwanza. Tulitaka kujua kama ozoni, gesi inayotokea moshi wa magari ya mjini unapopigwa na jua, inadhuru mimea ya hifadhi moja kando ya ziwa. Tukapanda kunde nyuma ya nyumba ya walinzi, kwa kuwa kunde huonyesha madhara mapema: majani huota madoa, kisha hupukutika.

Kila Ijumaa nilikwenda kuhesabu majani, na kila Ijumaa nilikuta yamepungua. Chini sikuona hata moja lililoanguka. Nami, kwa elimu yangu yote, nikaandika: "Yamepeperushwa na upepo wa ziwa." Kisha nikaenda kula kwa Mama Kulwa, mpishi wa walinzi.

Wiki iliyopita profesa wangu alikuja kujionea. Nikamweleza kwa mbwembwe jinsi ozoni ilivyomaliza majani machanga.

"Mbona yaliyobaki hayana hata doa?" akauliza.

Nikamjibu kwamba ozoni ya hapa ni kali, haisubiri madoa.

Mchana Mama Kulwa akatuletea ugali na mboga iliyoungwa kwa karanga. Profesa akaonja, akaisifu.

"Mboga hii unainunua wapi, mama?"

"Ninunue ya nini, baba? Nachuma kunde hizo hapo nyuma." Akanigeukia kwa upendo, mwiko mkononi. "Si huyu mwanangu ndiye aliyezipanda? Na kila Ijumaa lazima nimwongeze."